Inyamanza wa Ukutani na Jirani Niliyemsingizia

Nengo, Jumatatu, katikati ya mwezi wa kumi. Mvua ya alfajiri imekatika kabla ya saa tatu, kisha jua likawaka kama vile halikuhusika. Ziwa limetulia. Ule mlima wa moto wa upande wa Goma umejifunika wingu hadi mabegani.

Leo sijahesabu ndege.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi wa friji. Mchana nazunguka kwenye majiko ya hoteli za kando ya ziwa. Asubuhi, kabla ya kazi, nakaa kibarazani na daftari nikihesabu ndege wanaotua bustanini kwangu. Hakuna aliyenituma na hakuna aliyenifundisha. Nina darubini niliyouziwa Goma na mtu aliyeniapia kwamba ni nzima. Jicho la kushoto linaona, la kulia linaonyesha ukungu tu. Nimezoea, na ndege nao wamezoea kutazamwa nusu.

Nina jambo la kukiri, na nikizungukazunguka sitalifikia, kwa hiyo naliweka hapa juu. Wiki mbili zilizopita niliandika kwenye ukurasa huuhuu kwamba ndege wanakufa bustanini kwangu, na kwamba wanauawa na "jirani mmoja anayeanika isambaza", vile visamaki vyetu vya ziwani vya urefu wa kidole. Nilisema anavipulizia dawa ya wadudu ili nzi wasitue. Sikumtaja jina. Nilijiona muungwana kweli kwa kutomtaja jina.

Anayeanika isambaza huku akiwa ukuta mmoja na mimi ni mtu mmoja tu.

Na siye aliyewaua ndege.

Anaitwa Mama Divine. Nilimfahamu kabla sijawa na nyumba. Niliporudi kutoka Karagwe, nilikozaliwa na kukulia, nilinunua kiwanja hiki nikidhani kujenga ni mawe na saruji. Mafundi wakagoma kuchimba msingi. Wakasema lazima kwanza apatikane mtu wa ukoo wa Abagesera anikabidhi ardhi, ndivyo desturi inavyotaka. Mimi mambo ya koo nilikuwa nayasikia kwa wazee wangu kama mtu anavyosikia habari za redio ya chumba cha jirani. Nikauliza, huyo mtu anapatikana wapi? Wakacheka, wakanionyesha ng'ambo ya ukuta.

Akaja, mkononi bado ana magamba ya samaki. Akasimama katikati ya kiwanja, akang'oa majani kidogo, akanitia mkononi, akaniambia kaa. Kisha akanionyesha kandege keusi na keupe kalikokuwa kakitembea juu ya matofali, mkia ukipanda na kushuka kama kanakubaliana na kila neno. Inyamanza.

"Hii ni mutu yetu," akasema. "Ikikuja kwako usiifukuze."

Ukoo wake na inyamanza ni ndugu, ndivyo inavyosemwa, na Mgesera hamuui. Niliitikia kwa adabu. Nikaandika kwenye daftari, kwa sababu mimi huandika kila kitu. Sasa naona kwamba kuandika kitu na kukisikia ni kazi mbili tofauti.

Miaka ile ya kwanza nilikuwa nahesabu hadi inyamanza kumi na wawili ukutani kwa asubuhi moja. Shomoro sikuwahesabu, walikuwa wengi mno na hawatulii. Kulikuwa na njiwa wa porini kwenye mparachichi, na kwenye bustani za hoteli walitembea wale korongo wenye taji la dhahabu, imisambi, wamekatwa mabawa ili wageni wapige nao picha. Hao baadaye walichukuliwa wakarudishwa porini, na hiyo ndiyo habari njema pekee katika daftari langu zima.

Mengine yote yameshuka. Shamba la maharage lililokuwa nyuma yangu sasa ni nyumba ya wageni. Bonde dogo walimokuwa wakioga ndege limefunikwa kwa saruji. Miti mitatu mikubwa imekatwa kwa sababu majani yake yalikuwa yanaanguka juu ya magari. Kunguru wameongezeka; kunguru hana shida na saruji, yeye anasubiri taka. Mwaka huu nilikuwa nahesabu inyamanza watatu, asubuhi nyingine wawili.

Ndipo nikaamua kuwasaidia.

Mwezi uliopita shemeji yangu Speciosa, mdogo wa marehemu mke wangu, anayelima kule Nyundo, aliniachia nusu mfuko wa mbegu ya mahindi iliyomzidi. Alidhani nitapanda nyuma ya nyumba. Nyuma ya nyumba yangu panatosha kupanda mahindi sita, na yote sita yakiwa marafiki. Nikatazama mfuko, nikatazama ukuta uliobaki na inyamanza wawili, nikapata wazo.

Mbegu ilikuwa ya rangi ya waridi, kama pipi. Nilijua ni dawa. Nataka hilo lieleweke: nilijua. Maandishi ya mfukoni nayo niliyasoma, mimi husoma hata karatasi ya sabuni. Yalisema isiliwe na watu wala mifugo. Ndege hawakutajwa.

Niliiloweka. Maji ya kwanza yakatoka mekundu, nikayamwaga. Ya pili yakatoka ya waridi. Ya tatu yalikuwa meupe kabisa, nikainua glasi kwenye mwanga, nikaridhika. Nikaanika, nikatwanga kwenye kinu mpaka ikawa chenga ndogo zinazofaa mdomo mdogo. Nikaweka kwenye sinia juu ya kigogo. Fundi wa friji akimaliza kazi husikiliza kama mashine inanguruma vizuri. Nami nilirudi nyuma hatua tatu, nikasikiliza.

Wakaja. Kwanza shomoro, kisha njiwa, kisha hata inyamanza, ambaye chakula chake ni wadudu lakini makombo hayakatai. Siku ya nne daftari lilikuwa na hesabu nzuri kuliko ya miaka mitatu. Niliandika pembeni, kwa herufi kubwa, WANARUDI.

Njiwa wa kwanza nilimkuta chini ya mparachichi. Nikasema ni uzee. Wa pili nikasema ni paka. Kisha shomoro, mmoja baada ya mwingine, mbali na sinia, chini ya ukuta wa Mama Divine. Nilimwona mmoja akiwa bado hai. Alikuwa amevimbisha manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi, macho nusu wazi, haniogopi. Nikajua ana shida kwa sababu haniogopi. Akalala ubavu polepole, kama anaona aibu kunisumbua.

Nilikaa naye hadi mwisho. Halafu nikaenda kuwaongezea wenzake chakula.

Hiyo sentensi nimeiandika na kuifuta mara nne. Inabaki.

Sasa, mwenye akili angetazama kitu kipya kilichoingia bustanini. Mimi nilitazama juu ya ukuta. Na kwa ile darubini ya jicho moja nikamwona Mama Divine ana pampu ya mgongoni, zile za kupulizia viazi dawa, anazunguka wavu anaoanikia isambaza akipulizia huku na huku. Ndege wanafia upande wake, yeye ana pampu. Nani angehitaji zaidi? Mchunguzi asiyekwenda shule ana hatari moja: akipata jibu, hana mwalimu wa kumwambia rudia.

Siku mbili baadaye akaja kwangu mwenyewe. Alikuwa amebeba inyamanza aliyekufa ndani ya pindo la kitenge.

"Baba Ndege," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "we ndiye unajua hizi vitu. Iko nini inaua ndege yetu?"

Nilimpokea yule inyamanza. Nikasema pole. Nilimtazama usoni, na mimi, mtazamaji wa miaka yote hii, nikaona mtu anayeigiza. Jioni ile nikaandika. Niliandika hata lile pindo la kitenge. Nililiita "huruma ya maonyesho".

Jumatano iliyopita nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja, kichwa ndani ya friji, mpishi akaniinamia. "Fundi, merci kwa ile uliandika. Yule mama nilimusimamisha. Siwezi kulisha wageni sumu." Hoteli hiyo ndiyo inayochukua isambaza wake wabichi karibu kila siku. Wengine wanaonunua rejareja huwa wanamfuata mpishi. Akinunua wananunua, akiacha wanaacha.

Niliona fahari. Ninaiandika ilivyokuwa. Nilikuwa na vumbi la friji puani na fahari moyoni.

Jana Jumapili, Speciosa akaja moja kwa moja kutoka misani, kaniletea ndizi. Akapita bustanini kunawa mikono, nikamsikia amenyamaza. Speciosa akinyamaza, mtu hutoka nje kuangalia.

"Muramu," akasema, yaani shemeji, "hii kwa sinia ni nini?"

"Chakula cha ndege."

"Naona ni chakula. Nauliza ilitoka wapi."

"Kwako. Ile mbegu."

"Mana yanjye!" Akachukua chenga mbili kwa ncha ya kidole, akanusa, akazitupa, akapangusa kidole kwenye nyasi. "Ile mbegu iko na dawa!"

"Niliiosha. Mara tatu."

"Uliiosha! Mbegu si shati. Dawa inaingia ndani ya punje. Sisi tukipanda tunafukia mbio ndege wasichukue, na we unaitwanga, unaiweka kwa sahani! Kuku yangu moja ilikula punje chache tu, haikufika jioni." Halafu akanigeukia, sauti imebadilika. "Na we? Hukula? Sema kweli."

Nikasema sikula. Akanishika mkono akaangalia macho yangu kama ya mtoto mgonjwa. Ndipo nikakaa chini kwenye ngazi, nikatoa simu.

Nikamwonyesha nilichoandika. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia simu. "Mimi nitarudi Nyundo na basi ya saa kumi," akasema. "We uko na mahali pa kwenda, na si mbali."

Sikwenda jana. Nilijiambia Jumapili si siku ya kumsumbua mtu. Jana nilichimba shimo refu, nikafukia mbegu yote na chenga zote na sinia lenyewe, nikapanga mawe juu. Ilikuwa kazi ya lazima. Ilikuwa pia njia nzuri ya kutokwenda.

Asubuhi ya leo nilikwenda. Mama Divine alikuwa anageuza isambaza kwenye wavu. Walikuwa wengi. Wote wale waliokuwa waende hotelini wabichi sasa walikuwa wanaanikwa, na jua lenyewe la msimu huu mnaliona. Nyuma yake ile pampu ilikuwa imeegemea ukuta.

"Mama Divine, ni mimi."

"Najua ni we," akasema bila kugeuka. "Ile ukuta iko na macho siku zote. Leo imepata miguu."

Nikamweleza yote, mfuko, maji matatu, kinu, sinia. Sikupamba. Aliendelea kugeuza samaki, mmoja mmoja, wengine waliokwisha kugeuzwa akawageuza tena.

"Divine alinisomea kwa telefone," akasema mwishowe. Divine ni binti yake, yuko sekondari. "Yote. Nikamwambia soma tena, labda iko mahali aliandika neno muzuri. Akasoma tena."

Akafukuza nzi kwa mkono.

"Ile siku nilikuletea inyamanza kwa mukono. Ulipokea. Ulisema pole. Donc ile pole ilikuwa ya nini?"

"Sijui, Mama Divine."

"Na pompe? Uliona pompe, hukuuliza. Ile ni maji! Kule juu wanajenga, vumbi inaanguka kwa samaki, namwagia chini ikae. Pompe mupya, haijui dawa hata harufu." Akainua mfuniko. "Kuja unuse."

Nikanusa. Maji.

"Kwa nini hukuja kunigombeza?" nikamuuliza. "Wiki mbili ulinisalimia kila asubuhi."

"Mutu aliiba jina yangu, mimi tena ndiye nimukimbilie?" Sasa ndipo alipogeuka. "Nilikuwa nakusalimia nione kama utashindwa kuitikia. Hukushindwa hata siku moja. We!"

Nimetukanwa kwa lugha nne katika mpaka huu, na hakuna tusi lililowahi kunikaa kama hilo.

Akataka kuona. Tukaenda kwangu, akalikagua shimo, akaongeza jiwe moja kubwa kutoka upande wake, akalikanyaga. Kisha akauliza ndege nimewazika wapi. Nikamwonyesha chini ya mparachichi: njiwa huku, shomoro huku, inyamanza wanne pale.

"Ine?"

"Wanne."

"Nilikuletea moja."

"Watatu niliwakuta mwenyewe."

"Na hukuniita."

Akasema kitu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo, si kwangu. Nilisikia na nilielewa, lakini sikiandiki. Nimeshaandika ya kwake ya kutosha.

Huwa nasema humu kwamba ndege wanapungua kwa sababu ya saruji na miti iliyokatwa. Bado naamini. Lakini katika hesabu ya mwaka huu sijui tena yupi amepungua kwa sababu ya saruji na yupi kwa sababu yangu, na daftari halina safu ya hilo. Aliyejenga nyumba ya wageni hakuwahi kusema anawapenda.

Nikamwambia nitafuta ule waraka leoleo. Nilidhani atafurahi.

"Usifute!" akasema. "Ukifuta watasema nilikuja kukutisha. Acha ikae hapo hapo, na juu yake uandike ni nani aliua. Uweke jina yako yote, na ya baba yako."

"Sawa."

"Bon. Na kesho asubuhi samaki ikitoka ziwani, unabeba beseni mpaka kwa yule mupishi. Kwa kichwa. Si kwa moto." Moto, kwa wa mbali, ni pikipiki zetu za kukodi.

"Mama Divine, mgongo wangu huu..."

"Mugongo ilikuwa muzima siku ya kuchungulia."

Nikacheka. Yeye hakucheka, ila aliangalia pembeni kidogo.

"Watu watauliza," akaendelea. "Wataona mwanaume muzima na beseni ya isambaza kwa kichwa, watauliza, Baba Ndege, ni nini hii? Unasimama, unawaambia. Kila mutu. Mi nitakuwa mbele yako, nitasikia. Na kwa mupishi unasema tena, na unakula yangu moja mbele yake."

Nikamuuliza kama baada ya hapo atanisamehe.

"Tufike kwanza," akasema, akarudi kwa samaki wake.

Sijui kama mpishi atafungua mlango. Mtu aliyekwisha kusikia neno sumu halisahau kwa kuona fundi wa friji akitafuna kisamaki. Hilo ndilo linanikosesha raha jioni hii, kuliko aibu ya njiani. Aibu ni yangu, nitaibeba. Lakini ada ya Divine ya muhula huu inatoka kwenye lile beseni, na mimi niliandika kwa dakika ishirini tu, chai ikiwa haijapoa.

Juu ya ule waraka wa zamani nimeshaandika. Jina langu lote, na la baba yangu, ambaye angekuwa hai angeniuliza kwa nini namwingiza.

Kisha nimejaza beseni maji, nikajitwisha kichwani, nikatembea kutoka jikoni hadi sebuleni. Nimefika na nusu ya maji, na shati limelowa hadi kiunoni. Nimelijaza tena. Mara ya tatu nimefika mlangoni bila kushika kwa mikono miwili, mmoja tu.

Kutoka hapa hadi hotelini ni mteremko, kona mbili, na kijiwe cha pikipiki chenye watu wanaonijua wote. Kesho saa kumi na mbili.